Mbio ya mvua haikwambii gari gani lina kasi

Langalanga, mbio za magari za Formula 1, inarudi wiki chache zijazo, tarehe 8 Machi 2026, Melbourne tena, na kwa saa zetu hapa Mtwara ni saa moja asubuhi, tena ndani ya Ramadhani kama mwaka jana. Najua mbio ikiisha tu simu yangu itaanza kulia, haya tuambie, timu gani msimu huu ina gari. Kwa hiyo naandika mapema, manake mwaka jana mbio ya kwanza ilinyeshewa na tukabishana mpaka kahawa ikapoa, na imebidi msimu mzima wa 2025 uishe ndo nione nani alikuwa anasoma matokeo na nani alikuwa anasoma mvua.

Ilikuwa Jumapili tarehe 16 Machi. Nimekula daku, nimeswali, usingizi umekataa kurudi, nikaenda kukaa barazani kwa mjomba pale Chikongola, simu nimeiegemeza kwenye ndoo. Na huku kwetu nako mvua inapiga bati tangu alfajiri, Machi ya Kusini mnaijua, mtangazaji wala simsikii naangalia picha tu, na kila baada ya dakika mbili nafuta matone kwenye kioo kwa ncha ya kanzu. Mjomba katoka ndani na redio yake mkononi, kaangalia simu, kaangalia uwanja wake uliojaa maji, akaniuliza, "Mpwa wangu, hao nao wanakimbia kwenye mvua hii hii?"

Walikuwa wanakimbia kweli. Isack Hadjar wa Racing Bulls, kijana, mbio yake ya kwanza kabisa, kagonga ukuta kwenye mzunguko wa kupasha tairi, hata taa za kuanzia hazijawaka. Mbio ikasogezwa, wakaanza upya, Jack Doohan hakumaliza mzunguko wa kwanza. Carlos Sainz kagonga wakati gari la usalama, lile linalowaongoza wote polepole kukiwa na hatari, liko mbele yao, yaani pale ambapo hakuna hata mtu anakimbia. Baadaye Fernando Alonso, mtu aliyeendesha langalanga zaidi ya miaka 20, naye ukutani. Halafu barabara ikakauka, watu wakavaa tairi za kipara, zile za pakavu, na mvua ikarudi kwenye mzunguko wa 44 bila kubisha hodi, gari zote mbili za timu ya McLaren zikatoka nje ya barabara kwa wakati mmoja, Lando Norris akarudi, Oscar Piastri akanasa kwenye nyasi, na yeye ni mtoto wa hapo hapo Melbourne, watu wake wamejaa majukwaani wanamwangalia anahangaika kurudi nyumanyuma. Mwishoni kabisa Liam Lawson na Gabriel Bortoleto nao wakagonga. Walipangwa kuanza 20, wakamaliza 14.

Matokeo yakatoka hivi, Norris wa kwanza, Max Verstappen wa Red Bull wa pili nyuma yake kwa sekunde 0.895, George Russell wa tatu, Kimi Antonelli wa nne, Alex Albon na Williams wa tano, Lance Stroll wa sita, Nico Hülkenberg na Sauber wa saba. Halafu ndo zinakuja Ferrari, Charles Leclerc wa nane, na Lewis Hamilton, mbio yake ya kwanza na jezi nyekundu, wa kumi. Piastri kati yao, wa tisa.

Usiku baada ya tarawehe ndo pakawaka moto. Pale kwenye kahawa tuna fundi bajaji mmoja, yeye ni Ferrari damu, tangu enzi za Schumacher, bingwa wao wa zamani, na kuna mwalimu wa sekondari anayefuatilia Red Bull. Mwalimu kaanza, "Chini ya sekunde moja! Red Bull na McLaren msimu huu ni sawasawa, mmeona wenyewe." Fundi naye, "Ferrari imeharibiwa na mvua, walichelewa kuingia piti kubadili tairi, gari lenyewe halina tatizo, subirini pakavu." Mwingine kadakia kwamba Sauber wamepona, kwamba Hülkenberg wa saba siyo mchezo. Na mimi, niseme ukweli, moyo wangu wote ulikuwa kwa fundi, kwa sababu mimi ni wa Hamilton tangu 2008, mwaka ule aliposhinda Silverstone, Uingereza, kwenye mvua kwa tofauti ya zaidi ya dakika moja, dakika nzima jamani, wenzake walikuwa wanateleza kama wako kwenye mafuta ya nazi na yeye anaondoka tu. Mtu wa namna hiyo anamaliza wa kumi kwenye mvua na wewe unataka niamini ni gari? Nilitaka sana iwe ni mkakati wa piti.

Mjomba alikuwa amekaa pembeni na kikombe chake. Mjomba hajui langalanga, ila miaka ya zamani aliendesha Landrover za abiria kupanda Newala, enzi hizo ukitoka Mtwara lami unaiacha mapema sana na masika udongo mwekundu unakuwa kama sabuni ya kipande. Akainama, mchanga wa pale chini ulikuwa bado una maji, akachora kwa kidole mistari miwili, mikondo ya tairi, halafu katikati akachora mstari wa tatu. Akasema mvua ikinyesha gari lenye injini kubwa na gari lenye injini ndogo mnapanda pamoja, kwa sababu hakuna anayeweza kukanyaga mafuta mpaka mwisho, wa kwanza kufika Newala ni yule anayejua wapi pa kuweka tairi na yule ambaye mbele yake hakuna lori lililolala. Akafuta kwa kiganja. "Siku ya matope usiniulize gari lipi lina mbio. Niulize nani hajaanguka. Mbio niulize kiangazi."

Nilirudi nyumbani na maneno yale. Sikulala, nikachukua daftari, yale ya shule ya kurasa 80, nikaanza kuandika kile ambacho mvua haikukigusa.

Na hapa ndo nataka mnisikilize vizuri. Jumamosi, siku moja kabla, wakati wa kufuzu, yaani kutafuta nani aanze mbele, Melbourne ilikuwa kavu. Kila mtu tairi mpya laini, mafuta kidogo, barabara ni ile ile ya kilomita 5.278, kila mtu peke yake na saa. Norris 1:15.096. Piastri nyuma yake kwa sekunde 0.084. Verstappen 0.385. Russell 0.450. Sasa hiyo 0.385 ya Verstappen ndo jibu la mwalimu, kwa sababu hawa wawili wa McLaren wameachana kwa kupepesa jicho halafu kuna shimo, ndo anakuja dereva ambaye wengi wanakubali ni bora kuliko wote. Mbio ya Jumapili iliishia kwenye 0.895 kwa sababu gari la usalama lilitoka karibu na mwisho likawakusanya wote kama mbuzi wanaoingia zizini, ile tofauti haikuwa ya kasi, ilikuwa ya mizunguko michache tu baada ya zizi kufunguliwa.

Ila kwenye mbio yenyewe kuna kipande kimoja ambacho mvua ilikiacha kisafi, na ukiweza kukiona kipande kama hicho basi umepata dhahabu. Katikati pale, barabara inakauka polepole, wote wako kwenye tairi za mvua ndogo, zile zenye alama ya kijani, hakuna aliyeingia piti, hakuna gari la usalama. Verstappen alikuwa wa pili, akapanua kona ya 11, Piastri akampita, na kuanzia hapo McLaren wakaondoka, karibu sekunde kila mzunguko, mpaka wakamwacha zaidi ya sekunde 10 kabla Alonso hajagonga. Unajua kwa nini? Tairi ile imetengenezwa kusukuma maji, Pirelli, wanaozitengeneza, wanasema inatoa lita 30 kwa sekunde gari likiwa kwenye kilomita 300 kwa saa, na maji yale yale ndo yanaipoza. Maji yakiisha barabarani mpira unachemka, unajikunja, unaanza kumeguka. Gari linaloweza kuzitunza zile tairi zisichemke ni gari lililotulia chini, na utulivu huo utakuwa nao hata jua likiwaka. Kwa hiyo mvua haifichi kila kitu, inaficha matokeo, lakini ukitafuta mizunguko 10 ambayo watu wako kwenye tairi moja, umri mmoja, bila lori njiani, unaona gari.

Kwa nini inaficha matokeo? Kwa sababu langalanga kasi yake inatoka kwenye upepo unaolikandamiza gari chini, na upepo huo unakua kadiri spidi inavyokua. Kwenye mvua kona zinachukuliwa polepole, mkandamizo unapungua kwa kila mtu, hapo gari bora linapoteza silaha yake na gari la kawaida linapoteza ugonjwa wake. Gari ambalo pakavu lingeunguza tairi za nyuma mzunguko wa nane, kwenye mvua linakwenda salama mpaka mwisho. Juu ya hapo unaweka piti, ambayo ni kubahatisha wingu. Verstappen alibaki nje mizunguko miwili zaidi baada ya Norris kuingia, Ferrari wakabaki zaidi hata yake, Hamilton akaongoza mbio kwa muda mfupi, watu pale kahawa walikuwa bado wanaisimulia hiyo, "aliongoza!", aliongoza kwa sababu wenzake wa mbele walikuwa wameshakwenda kuvaa tairi za mvua na yeye bado ana kipara.

Basi nikafika kwenye mstari wa Ferrari kwenye daftari, na mkono ulikuwa mzito. Leclerc wa saba, 0.659 nyuma ya Norris. Hamilton wa nane, 0.877. Pakavu. Hakuna mvua, hakuna piti, hakuna mkakati wa kulaumu. Na juu ya Leclerc yuko nani? Albon wa Williams, kwa sekunde 0.018. Na Jumapili Hamilton alikaa nyuma ya Albon huyo huyo muda mrefu sana, tairi moja, na hakupita. Zidisha 0.659 kwa mizunguko 57 iliyokimbiwa, ni kama sekunde 37 na nusu. Hayo si makosa ya mtu wa redio aliyechelewa kumwita dereva piti. Nilimpelekea fundi kesho yake, akaangalia daftari muda mrefu, akasema, "China tutaona."

China ilikuja wiki hiyo hiyo. Na aisee, Jumamosi Hamilton kashinda mbio fupi ya Shanghai, baada ya kuongoza kufuzu kwake pia, fundi alinipigia simu akiwa chini ya bajaji ya mtu, nasikia spana inaanguka, analia kwa furaha kabisa, na mimi pia, sitadanganya, nilifunga lile daftari nikasema labda nimekosea. Siku ya pili Piastri akashinda mbio kubwa, Norris wa pili, na Ferrari zote mbili zikafutwa kwenye matokeo. La Leclerc lilikuwa na uzito pungufu kwa kilo 1. La Hamilton ubao ule wa chini ya gari ulikuwa umelika, sheria inataka milimita 9 ule ulikuwa 8.5 upande mmoja. Nusu milimita, kama ukucha. Lakini ubao ukilika maana yake gari linaburuta chini, na hizi gari za miaka ile ukilishusha linapata kasi na ukilinyanyua linapoteza. Sasa sisemi ushindi wa Jumamosi haukuwa halali, ulikuwa halali kabisa. Ninachosema ni kwamba kuanzia hapo nilijua kasi ya Ferrari imekaa mahali pembamba sana.

Msimu ukaenda mbio zote 24. McLaren wakashinda 14, ubingwa wa timu wakaufunga Singapore mwezi wa kumi zikiwa zimebaki mbio sita. Ferrari hawakushinda hata mbio kubwa moja. Hamilton hakupanda jukwaa la washindi watatu hata mara moja Jumapili, akamaliza wa sita kwa pointi 156. Kila nikiandika hii inaniuma.

Mwalimu naye ana haki ya kusema neno, kwa sababu mwisho wa yote Norris alikuwa bingwa kwa pointi 423 na Verstappen 421, mbili tu, na ananitumia hizo namba mpaka leo. Lakini mwalimu wangu, mwisho wa Agosti baada ya mbio ya Zandvoort, Uholanzi, Verstappen alikuwa nyuma ya Piastri, aliyekuwa anaongoza wakati huo, kwa pointi 104. Red Bull ya Desemba siyo Red Bull ya Machi, wao walikuja kulitengeneza gari lao baadaye na McLaren nao wakateleza, ikiwemo Las Vegas ambako zote mbili zilifutwa kwa ubao ule ule wa chini. Swali letu lilikuwa gari la Machi.

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote ni Williams na Sauber, kwa sababu Melbourne walionekana ndugu, wa tano na wa saba, wote wadogo, wote mvua imewabeba. Albon Jumamosi pakavu alikuwa wa sita. Hülkenberg Jumamosi pakavu alikuwa wa 17. Basi, imeisha hapo. Williams wakamaliza msimu wa tano kwenye timu. Sauber baada ya zile pointi 6 za mvua wakakaa bila pointi hata moja mpaka Barcelona, Juni, na wakamaliza wa tisa katika timu 10. Na unajua siku yao kubwa ya mwaka ilikuwa wapi? Silverstone, Julai, Hülkenberg kaanza wa 19 kamaliza wa tatu, jukwaa lake la kwanza katika mbio 239. Ilikuwa inanyesha. Nilifurahi mpaka nikasimama, mtu kasubiri miaka yote ile, na mjomba alipoona ile picha akauliza tena, mvua? Nikamwambia mvua mjomba. Akatikisa kichwa tu, akarudi kwenye redio yake. Dereva mzuri alikuwa hajaanguka.

Kuna kitu kimoja daftari langu lilikosea na lazima nikiweke hapa. Timu ya Haas. Melbourne walikuwa wabovu pakavu, wabovu kwenye mvua, wa 13 na wa 14, nikaandika kwa kalamu nyekundu kwamba hawa ndo wa mwisho mwaka huu. Wiki moja baadaye China madereva wao, Esteban Ocon wa tano, Oliver Bearman wa nane. Kumbe gari lao lilikuwa linarukaruka kwenye zile kona mbili za kasi za Melbourne, ya 9 na ya 10, na Shanghai hakuna kona ya namna ile. Kwa hiyo hata pakavu pa sehemu moja hapatoshi, inabidi usubiri barabara ya pili ya umbo jingine ndo uandike kwa wino.

Mwaka huu itakuwa ngumu zaidi, kwa sababu gari zote ni mpya, injini mpya ambazo karibu nusu ya nguvu inatoka kwenye umeme, uzito umepunguzwa kwa kilo 30, Sauber sasa ni Audi, na kuna timu ya 11, Cadillac. Hakuna mtu ana kumbukumbu ya gari hizi. Mvua ikinyesha Melbourne watu wataandika vitabu Jumapili ile ile na vitachanika kabla ya futari.

Mimi kufuzu ni Jumamosi tarehe 7, saa mbili asubuhi kwa saa zetu, hiyo siikosi, bando nimeshaliweka pembeni. Daftari ni jipya, nimelipigia mistari tayari, safu ya kwanza muda wa pakavu, ya pili mizunguko ya katikati wakiwa kwenye tairi moja, ya tatu nimeiacha wazi kwa ajili ya China, ambayo ni wiki inayofuata. Mstari wa Hamilton nimeuweka juu kabisa. Fundi kasema safari hii anakuja kuangalia barazani kwa mjomba na sisi, na kaniomba nisimwoneshe daftari mpaka Jumatatu.